Pole Mia Nne na Kumi na Moja

Gari la waya lilikuwa limeshaacha kituo cha juu, mlango umefungwa, mashamba ya tangawizi yanapita chini yetu, ndipo nilipomtazama vizuri mwanamke aliyekaa mbele yangu. Alikuwa na kaniki begani, begi moja miguuni, na shingoni amevaa kifukizo cha dawa. Nilijua kifukizo kile ni cha mtu niliyemfundisha mwenyewe, maana mkanda wake nilikuwa nimeukaza kwa uzi mwekundu. Mimi hukaza hivyo kwa wanaoanza, ili nikirudi niwatambue.

"Wewe ni Nakijwa," nikasema.

"Ndiye mimi, babu." Akatabasamu. Tabasamu lenyewe lilikuwa kama la mtu kwenye picha ya kitambulisho.

Nilikuwa nimemfundisha miezi mitatu nyuma, uani kwa jirani yake, pamoja na wagonjwa wengine saba wa homa ya fundo. Homa hii ilikuja baada ya miaka ya joto kubwa. Haiui. Inakuacha na vidole vilivyofungana kama mizizi ya tangawizi na moto ndani ya kila kiungo. Nakijwa hakuweza tena kufunga kifungo cha blauzi.

Somo langu la kwanza huwa fupi, kwa sababu mtu anayeumwa hana subira. Dawa yenyewe ni mafuta ya bangi iliyoondolewa ulevi. Ilikuja na herufi tatu za Kizungu, watu wakazisoma kwa mkumbo ikawa sibidii, nami nikalifanya jina kuwa somo. "Si bidii," nawaambia. "Usivute kama unayenyonya mtindi kwa mrija. Pumzi ndogo, itoe, kisha ukae robo saa. Usiubane mvuke kifuani, hakuna zawadi ya kuubana. Usiposikia kitu leo, usiongeze leo. Koo likikauka, maji. Kama hospitali wamekupa vidonge vingine, waulize kwanza, maana dawa mbili zinaweza kugombana. Na dereva akishavuta, ashuke kwenye usukani." Hapo mzee mmoja lazima aniulize kama atalewa, nami namjibu kwamba akitaka kulewa aende kwingine, hapa kuna kupunguza maumivu tu.

Ila vifukizo vya sasa havivutwi kwa mdomo. Vidole vya fundo haviwezi kushika wala kubonyeza. Kwa hiyo Shirika la Kitulizo likatengeneza hiki cha shingoni, kinachosikia neno, kikisikia kinapuliza uzi wa mvuke chini ya pua. Neno ni pole. Ukisema pole, uzi mwembamba. Ukisema pole sana, uzi mnene. Kila uzi una tone dogo tu, lakini mafuta ya siku hizi ni makali kuliko yale ya zamani, ndiyo maana mwanafunzi namwambia nyuzi sita kwa siku, basi.

Utingo wa gari la waya, mama mmoja mnene mwenye sauti ya sokoni, alikuwa anapita kukagua tiketi. Akafika kwa Nakijwa, akaona kaniki, akashusha sauti.

"Mama, pole na msiba."

Tss. Uzi mweupe ukapanda chini ya pua ya Nakijwa.

"Asante," akajibu.

Abiria wa dirishani, mzee mwenye kapu la viazi, naye akageuka. "Kumbe umefiwa? Pole sana, mama. Pole sana."

Tssss. Tssss.

"Asante, baba. Asante."

Mimi nimetembea sana. Nimevuka Malagarasi kwa miguu kiangazi, nimelala Tunduma kwenye maturubai. Vitu vya kunishtua vimebaki vichache. Pale kwenye kiti cha gari la waya nikaanza kuhesabu nyuzi.

"Umefiwa na nani, mwanangu?"

"Mume wangu. Elinami."

"Lini?"

"Wanasema wiki iliyopita."

"Wanasema?"

Akafikiri. Ilimchukua muda mrefu, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. "Nilikuwepo, babu. Wote wanasema nilikuwepo, nimekaa mkekani. Mimi nakumbuka viatu vya watu."

Nikamwinamia. "Sema nimepoa."

"Nimepoa na nini?"

Lakini kifukizo kilikuwa kimesikia. Kikatoa mlio, ka, kikajifunga. Nikaomba ruhusa, nikakigeuza. Nyuma kuna kidirisha kinachoonyesha kimefunguka mara ngapi kila siku. Nikarudi nyuma siku kwa siku hadi siku ya mazishi. Mia nne na kumi na moja.

Chupa moja haitoshi hiyo. Nikamuuliza nani alikuwa anamjazia.

"Wifi zangu. Walikuwa wema sana. Kila ikiisha wananiwekea nyingine, nisije nikaumwa viungo mbele ya watu."

Tulipofika kituo cha chini, muda ulikuwa umepita bila mtu kumpa pole. Tukakaa kwenye benchi la zege. Akanishika mkono wa shati kwa vidole vile vilivyopinda.

"Babu," akasema, na sauti sasa ilikuwa ya mtu, "Elinami wamemweka upande gani? Wamemlaza karibu na mama yake? Mimi sikuona."

*

Kwa nini alikuwa kwenye gari la kushuka, aliniambia hapo kwenye benchi, akikatakata maneno.

Hakulia. Siku tatu za matanga, mjane hakutoa hata chozi. Watu walikuja kutoka vijiji sita, kila mmoja akamwinamia akampa pole, yeye akajibu asante kwa tabasamu lile nililoliona. Jeneza linashuka, yeye anatazama viatu. Siku ya nne shemeji yake, Senzige, kaka mkubwa wa marehemu, akasimama mbele ya ukoo akasema mjane asiyetoa chozi ana jambo. Elinami alikufa ghafla, jioni amekula, asubuhi hakuamka. Nani alipika? Ukoo ukaamua arudi kwao Hedaru mpaka kikao cha Jumamosi, na kwenye kaburi asikanyage.

"Walinitoa nyumbani mwangu," akasema, "nami nikawaambia asante."

Kulikuwa na jambo nalijua ambalo yeye hakulijua, nalo ni kwamba neno lile nililichagua mimi.

Miaka kumi na moja nyuma, Kitulizo walituita waelekezaji wa kwanza kwenye karakana yao. Mafundi walitaka neno la kufungulia na neno la kufungia. Walikuwa na maneno yao, anza na simama, kama wanaendesha punda. Nikanyoosha mkono. Mimi shule niliipata kwa vipande, madarasa matatu Pangani, moja na nusu Kigoma, mengine kwa kusoma magazeti yaliyofungiwa maandazi, na mtu wa namna hiyo akipata nafasi ya kusema mbele ya wasomi, hasemi kidogo. Nikawaambia: mtu akiumia, Mswahili anamwambia nini? Pole. Naye akishapata nafuu anajibu nini? Kwetu Pangani, ukiambiwa pole unajibu nimeshapoa. Basi pole ifungue, nimepoa ifunge kwa muda, hata pole nyingine isikifungue. Adabu yenyewe itakilinda.

Fundi mmoja, dada mwembamba mwenye miwani, akauliza: "Na mtu mwingine akilisema hilo pole?"

Nikamjibu: "Vizuri zaidi. Mgonjwa akikosa sauti, ndugu atamsemea."

Wakapiga makofi. Nikapewa chai na sambusa mbili.

Sikujua kwamba huku milimani, na siku hizi karibu kila mahali, ukimwambia mtu pole anakujibu asante. Nimeshapoa ni la wazee wa pwani. Ningejua kama ningewahi kukaa mahali mpaka nifiwe. Misiba niliyohudhuria mimi ni ya watu nisiowajua. Nakula wali, natoa pole, naondoka na gari la kwanza.

*

Ijumaa asubuhi tulipanda tena na gari la waya. Nakijwa alikuwa amekivua kifukizo. Vidole vilikuwa vinamuuma mpaka anauma ukingo wa kanga, lakini alikataa kuvaa. "Ngoja niumwe kidogo," akasema. "Nilishakosa zamu ya kuumia."

Hakuweza kuingia kwake, kwa hiyo nilimpeleka kwa jirani, Mwalimu Nambua. Huyu ndiye aliyenipa ua wake nifundishie. Alifundisha shule ya pale miaka thelathini na minne, na homa ya fundo ilipompata alikuwa ameshindwa kushika kijiko. Nilimvalisha kifukizo, na mwezi mmoja baadaye nilimkuta anashona. Mwanamke mkali, mwenye maneno.

"Kiroboto umerudi," akasema, maana ndilo jina langu huko, kwa sababu situlii. "Sijawahi kukuona mara mbili katika mwezi mmoja. Umefiwa au umeoa?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza huku anamtengenezea Nakijwa uji. Nilipomaliza, akaweka mwiko chini.

"Na kesho unataka kuyasema haya kikaoni."

"Nitayasema."

"Mbele ya ukoo mzima. Na mtendaji atakuwepo, na mtendaji ataandika. Ikiandikwa imefika Kitulizo. Unajua watafanya nini?"

Nilijua. Waliwahi kugundua mkanda mmoja unaowasha ngozi, wakakusanya vifukizo vyote vya wilaya nzima mpaka watengeneze vingine. Ilikuwa miezi tisa.

"Kijijini hapa tuko arobaini na watatu," Nambua akasema. "Hesabu uzi wako mwekundu. Mzee Kanangira sasa anatembea hadi kanisani. Mimi," akaninyooshea mikono, "mimi naandika. Unaona? Naandika jina langu. Tufundishe usiku na mchana kusema nimepoa, tutasema, mpaka midomo ikauke. Tutaambiana nyumba kwa nyumba kimyakimya. Lakini usiende kulitangaza."

"Na huyu?"

Hakumtazama Nakijwa. "Huyu ni kijana. Maneno ya watu yanaisha."

"Mwalimu," Nakijwa akasema pale alipokaa, "mimi si maneno ya watu yanayoniuma. Mimi sijamzika mume wangu. Nikifukuzwa sitamzika kamwe."

Nambua akanigeukia mimi, si yeye. "Wewe utasema kesho, moyo wako utakuwa mwepesi, Jumapili utapanda gari la waya. Sisi tutabaki na viungo vyetu. Hilo umelifikiria, Kiroboto?"

Nilikuwa nimelifikiria njia nzima. Nikasema tu kwamba neno nililitoa mimi, na kama limemfanya mwanamke huyu aonekane muuaji, siwezi kulirekebisha kwa kunong'ona kwenye nyumba arobaini na tatu huku yeye anafukuzwa mchana kweupe.

"Haya," akasema. "Ua wangu usiukanyage tena." Akaingia ndani na uji ukaendelea kuchemka mpaka Nakijwa alipoinuka akauepua kwa viganja viwili alivyovizungushia kanga, kama anayebeba ndege.

*

Kikao kilikaa Jumamosi saa nne, kwenye darasa la sita, kwa sababu ndilo lenye madawati yanayotosha watu wazima. Nambua hakuja. Senzige alikaa mbele, mtu mrefu, macho mekundu ya mtu aliyelia kweli. Nilimpenda kwa hilo, na ndilo lililofanya kazi iwe ngumu.

Nikaeleza. Wakanisikiliza kama watu wanavyomsikiliza mwuza dawa ya panya.

"Mwalimu wa mvuke," Senzige akasema, "kwa hiyo shemeji yangu hakulia kwa sababu tulimpa pole nyingi mno."

Darasa likacheka. Mtu nyuma akasema, "Basi na mimi nipeni chache, nina deni la mahari!" Wakacheka zaidi.

"Mvalishe mwingine," nikasema. "Asiyekuwa mgonjwa. Aliyefiwa."

Kicheko kikakatika. Senzige akanitazama.

"Unataka mimi."

"Naomba mtu aliyempenda Elinami. Ukikataa sitakulaumu."

Akainuka akaja, akainama nimvalishe. Nilimwambia wazi mbele ya wote: neno la kufunga ni nimepoa, ukilisema kinasimama, na likikushinda nitalisema mimi. Akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Kisha nikawaomba waliokuwepo waje mmoja mmoja kama walivyofanya msibani.

Wa kwanza alikuwa shangazi yao. "Senzige mwanangu, pole." Tss. "Asante, shangazi." Wa pili. "Pole sana, kaka." Tssss. "Asante." Machozi yalikuwa bado yanamtoka. Kufikia wa kumi na tano yalikuwa yamekauka. Kufikia wa thelathini mabega yake yalikuwa yameshuka, na akawa anawatabasamia watu, tabasamu lile lile la picha ya kitambulisho. Hakuna aliyecheka tena. Mtu wa arobaini aligoma, akabaki amesimama na mkono mdomoni.

Shangazi ndiye aliyemuuliza. "Senzige. Mdogo wako yuko wapi?"

"Kaburini," akasema, kwa sauti ya mtu anayeelekeza jembe liliko.

"Na unasikiaje?"

"Vizuri. Asante."

Mama mmoja akapiga yowe. Nikasema nimepoa, kikalia ka. Nikakivua. Darasa zima lilikaa likimtazama Senzige, robo saa, labda nusu, mpaka uso wake ukaanza kurudi, kidogo kidogo, na ulipofika wote aliweka kichwa kwenye dawati lile dogo akalia kama siku ya kwanza. Alipopata sauti hakunisemesha mimi. Alimtafuta Nakijwa kwa macho, kule alikokaa kwenye kona karibu na ubao.

"Shemeji," akasema, "ulikaa na hii siku tatu?"

"Siku tatu," Nakijwa akajibu.

Hapo ndipo niliposimama nikasema neno lilitoka kwa nani. Ningeweza kulificha, hakuna aliyeuliza. Mtendaji aliandika. Niliona kalamu yake inavyokwenda, nikakumbuka mikono ya Nambua.

*

Ukoo ulikaa matanga upya, siku moja, Jumatano. Kila mwenye kifukizo alikiacha nyumbani. Mkeka ulitandikwa kaburini, upande wa mama yake Elinami, ambako ndiko walikuwa wamemlaza, na Nakijwa akakaa juu yake.

Watu walikuja. Tatizo ni kwamba walifika wakasimama. Neno lilikuwa limewashinda. Mtu anafika mbele yake, anafungua kinywa, anafunga, anaondoka kando. Wanaume wanashika kofia. Nilihesabu karibu dakika kumi na mbili bila mtu kusema kitu, na nikawaza kwamba nimewanyang'anya dawa, na sasa na hili pia.

Basi nikaenda mimi. Sikuwa na haki ya kuwa wa kwanza, lakini nani mwingine? Nikachuchumaa kwa magoti yangu mabovu.

"Pole, mwanangu."

Nikajikuta nasubiri ile tss. Hapakuwa na kitu. Neno lilikwenda lote kwake.

Alinitazama. Kinywa kilikuwa tayari kinakwenda kwenye asante, nilikiona, kisha kikaacha.

"Sijapoa, babu," akasema. "Sijapoa."

Na hapo kilio kikatoka, kile cha wiki mbili, mpaka wanawake wakamshika pande zote wasimwache aanguke, na wao pia wakaanza, na pole zikaanza kumiminika juu yake kutoka kila upande.

*

Kitulizo walifika baada ya siku kumi na tisa, wakakusanya vifukizo vyote arobaini na vitatu, wakatia sahihi, wakashuka. Vipya vilikuja baada ya miezi kumi na minne. Havisikii neno. Vinabonyezwa kwa kidevu.

Mzee Kanangira aliacha kwenda kanisani. Vilipokuja vipya alikataa kuvaa.

Mwalimu Nambua alifariki mwezi wa nane wa ile kumi na minne. Si fundo iliyomuua, ni moyo, lakini miezi yote minane aliumwa, na wanaomjua wanasema hakuwahi kulitaja jina langu. Niliandika barua mbili. Hakuwa na mikono ya kujibu, na sidhani kama angejibu hata angekuwa nayo.

Yule fundi mwenye miwani aliacha kazi Kitulizo.

Senzige yupo. Anamlimia Nakijwa shamba la tangawizi kila msimu, na msibani hukaa mbali na watu.

Nakijwa anaishi nyumbani kwake. Kifukizo kipya anacho, anatumia nyuzi nne kwa siku, na siku ya kumbukumbu ya Elinami anakivua tangu asubuhi.

Mimi niliacha kufundisha. Sasa hivi niko Mpanda, na Jumatatu naondoka. Nimesikia kwamba kule kijijini, mtu akiambiwa pole, hajibu tena asante. Kama amepoa anasema nimeshapoa. Kama bado, anasema bado.